Kolamu: Unga, Nukta na Mstari Usiokatika

Kila alfajiri, huko Tamil Nadu, kusini mwa India, wanawake hufagia mbele ya mlango, hunyunyiza maji, kisha huchora kolamu, pambo la nukta na mistari, chini kwa unga mweupe. Hadi jioni imeshakanyagwa na kufutika. Kesho yake huchorwa nyingine. Wanaojifunza hukimbilia ruwaza. Mimi nasema anza na unga na sakafu, maana kolamu nyingi huharibikia hapo.

Unga ni wa mchele, usagwe ubaki na chengachenga. Ule laini wa kupikia hushika unyevu wa vidole, hukwama, halafu hudondoka bonge zima. Siku hizi wengi hutumia unga wa jiwe jeupe. Kweli hutiririka vizuri, ila sisimizi na ndege hawauli, na kuwalisha viumbe hao ni sehemu ya maana ya kazi yenyewe. Usiuache mchele kabisa, ukishindwa, changanya.

Ua wa udongo hupigwa kwanza maji yaliyokorogwa na mavi ya ng'ombe. Vumbi hutulia, na ardhi huwa nyeusi-kijani, mstari ukaonekana. Unataka unyevu tu: pakiwa pakavu unga hupeperuka, maji yakituama mstari hutanuka ukawa uji.

Bana unga kati ya kidole gumba na cha shahada, inama, mkono uwe karibu na ardhi, kidole gumba kiusukume unga taratibu. Ukiinua mkono, mstari hunenepa na kutawanyika. Ukisita, hapohapo panaota kinundu.

Kisha nukta, ambazo Watamil huziita pulli. Ukiambiwa "7 hadi 4" kwa nukta za kupishana, yaani kila nukta hukaa kati ya mbili za safu ya jirani, safu ya katikati ina nukta 7, na kila upande hufuata safu za 6, 5, 4, jumla nukta 37. Hesabu kabla ya kuchora. Nukta moja ikipinda, vitanzi vyote vya jirani vinapinda nayo.

Aina ninayoipenda kuliko zote ni sikku, ambapo mstari huzunguka nukta bila kuzigusa. Panga nukta 3 kwa 4 katika mstatili. Mstari upite kwa mshazari, ujikate katikati ya kila nukta mbili jirani, na ukifika ukingoni ujipinde kurudi ndani. Utarudi ulikoanzia bila kuinua mkono. Fanya hivyohivyo kwa 3 kwa 3, utapata mistari 3 iliyofungamana: idadi ya mistari ni kigawo kikubwa cha shirika cha pande mbili za mstatili. Ukiruka makutano hata mamoja, hesabu hiyo huvurugika, kitanzi kikajifunga mapema. Wachokwe wa Angola na Kongo nao wana jadi ya kuchora mchangani kwa kuzizunguka nukta. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, alizilinganisha sanaa hizi mbili.

Kwa harusi na sikukuu huchorwa kolamu ya maji. Mchele huloweshwa, husagwa uwe rojo jepesi, kitambaa huchovywa humo na kukamuliwa, rojo likashuka kupitia kidole cha pete. Likiwa bichi halionekani sana, usiongeze! Likikauka huwa jeupe pe. Rojo zito hupasuka na kubanduka. Pembeni huzungushiwa udongo mwekundu. Nyumba yenye msiba haichorwi kitu.