David Farragut: dhana potofu na ukweli kuhusu mwana wa Menorca

Wengi wanaomfahamu David Glasgow Farragut, kamanda wa jeshi la majini la Marekani katika karne ya 19, wanamfahamu kwa sentensi moja: "Torpedo zilaaniwe, mbele kwa kasi yote!" Mtu aliyekaa jeshini karibu miaka 60 anastahili zaidi ya hapo.

Dhana: Alikuwa Mmarekani wa asili ya Kiingereza, na jina lake la kuzaliwa ni David.

Alizaliwa tarehe 5 Julai 1801 karibu na Knoxville, Tennessee, akaitwa James. Baba yake, Jordi Farragut, alikuwa baharia wa Ciutadella, katika kisiwa cha Menorca, Uhispania, aliyepigania uhuru wa Marekani. Wapo wanaodhani asili ya Kihispania ni lazima itoke Meksiko au Puerto Rico. Huyu alitoka Uhispania yenyewe, tena kwenye kisiwa ambacho watu wake huzungumza Kikatalani.

Jina la David lina kisa cha huzuni. Mwaka 1808, kule New Orleans, mzee mmoja aitwaye David Porter alizidiwa na jua, na familia ya Farragut ikamuuguza nyumbani kwao. Mzee akafariki, na wakati huohuo mama yake James, Elizabeth, akafa kwa homa ya manjano. Mtoto wa yule mzee, afisa wa jeshi la majini aliyeitwa pia David Porter, alimchukua kijana na kumlea. Baadaye James akajiita David, jina la mlezi wake.

Dhana: Kwa kuwa alilelewa na afisa, alipanda vyeo haraka.

Kuingia aliingia mapema, akiwa na miaka 9. Akiwa na miaka 12 alikabidhiwa meli iliyotekwa, Alexander Barclay, aipeleke Valparaíso, bandari ya Chile. Nahodha Mwingereza wa meli hiyo, mzee aliyekasirishwa na kuamrishwa na mtoto, alitishia kwenda kuchukua bastola zake. Kijana akamjibu kwamba akirudi nazo sitahani atatupwa baharini. Mabaharia wakamtii kijana.

Lakini vyeo vilikuja polepole mno. Uluteni aliupata mwaka 1825, na ukapteni mwaka 1855, akiwa na miaka zaidi ya 50.

Dhana: Mtu wa Kusini hakuwa na sababu ya kusita kupigania Kaskazini.

Alikuwa nayo. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), majimbo ya Kusini yalijitenga, na Kaskazini ikapigana kuyarudisha. Nyumba yake na jamaa za mkewe vilikuwa Norfolk, Virginia. Jimbo hilo lilipojitenga mwezi Aprili 1861, aliihamishia familia yake New York. Hata hivyo wakubwa wa Washington walimtilia shaka kwa asili yake ya Kusini, na mwanzoni wakampa kazi ya mezani. Mwaka uliofuata aliiteka New Orleans, bandari kubwa kuliko zote za Kusini.

Dhana: Alikaidi makombora yaliyofyatuliwa, akiwa amefungwa kileleni mwa mlingoti.

Zama hizo, "torpedo" ilimaanisha bomu lililotegwa majini. Tarehe 5 Agosti 1864, kwenye mlango wa ghuba ya Mobile, Alabama, manowari Tecumseh ya kikosi chake ililigonga bomu la namna hiyo, ikazama kwa dakika chache na watu zaidi ya 90. Manowari iliyotangulia ikasita, na msafara mzima ukakwama mbele ya mizinga ya ngome ya Kusini. Farragut aliamua meli yake, Hartford, ipite palepale penye mabomu. Mimi naona uamuzi huo ndio ukubwa wake, kwa maana maneno yale maarufu yalichapishwa miaka mingi baadaye, na hakuna hakika aliyatamka hivyo.

Kuhusu kufungwa: alikwea kamba za mlingoti ili aone juu ya moshi wa mizinga, na Percival Drayton, nahodha wa Hartford, akaagiza azungushiwe kamba asianguke.

Dhana: Alizaliwa Marekani, kwa hiyo Menorca haikuwa na maana kwake.

Mwaka 1866 akawa admeri kamili wa kwanza wa Marekani, cheo cha juu cha jeshi la majini ambacho hakikuwahi kuwepo. Desemba 1867, akiongoza ziara ya manowari Ulaya, alikwenda Ciutadella, mji wa marehemu baba yake, na wenyeji wakajitokeza kwa wingi kumpokea.