Je, wajua kwa nini jiki hula rangi ya kanga na maji ya bahari hayaili?

Mvuvi wa Shangani, Mtwara, hushinda na fulana iliyolowa maji ya chumvi. Ikikauka huwa na utando mweupe mabegani, lakini ukiisuuza rangi iko palepale. Sasa jiki, tone moja tu, lirukie kanga mpya, tena pale kwenye jina: muda si mrefu herufi mbili hazisomeki.

Ajabu ni kwamba chumvi na jiki ni ndugu wa karibu. Kwa jina la maabara, chumvi ni sodiamu kloraidi. Kilichomo kwenye jiki ni sodiamu haipokloraiti. Zote zina sodiamu na klorini. Ya pili imezidi atomu moja ya oksijeni, basi.

Klorini ina uchu wa elektroni. Kwenye chumvi imeshapewa moja na sodiamu, imeshiba na kutulia, ndiyo maana tunaitia kwenye mchuzi wa ngisi bila wasiwasi. Kwenye jiki imeshikana na oksijeni, ambayo ni mroho kuizidi na huvutia elektroni kwake. Klorini hubaki na njaa, ikapora kwa chochote inachogusa. Rangi ya kitambaa ni molekuli ambazo vifungo vyake vimepangwa kwa namna ya kunasa mwanga. Vikikatwa, macho hayaoni rangi tena. Kwa hiyo lile doa halina uchafu wa kutoa, usipoteze sabuni. Vijidudu navyo huvurugwa hivyohivyo, ndiyo sababu dawa nyingi za kutibu maji ya kunywa zina haipokloraiti, kwa kiasi kidogo sana. (Usichanganye jiki na siki wala limau: hutoka gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu.)

Undugu wenyewe unaonekana kiwandani. Chukua chumvi, iwe hata ya majaruba ya Lindi, iyeyushe kwenye maji, pitisha umeme: upande mmoja hutoka klorini, upande wa pili hubaki soda kali. Viache vichanganyike, umepata haipokloraiti.

Na safari ya kurudi ipo. Jiki ikikaa miezi mingi kwenye joto na mwanga huvunjika yenyewe, na sehemu kubwa yake hugeuka tena kloraidi. Mama anayelalamika kwamba chupa ya mwaka jana, iliyokaa dirishani, haing'arishi shuka hakuuziwa feki. Anafulia maji ya chumvi.