Adaptable na adaptive: acheni kuyachanganya kwenye CV

Dhana: Maneno haya mawili ya Kiingereza ni neno moja, ila adaptive ndilo la wasomi.

Hapana, hapana! Kosa hili limejaa kwenye CV zinazopelekwa kwa mashirika hapa Goma, hasa zile zilizoandikwa kwanza kwa Kifaransa. Mwombaji anaandika "I am very adaptive" akidhani amejisifu vizuri. Tazama mwisho wa neno. -able inataja uwezo: adaptable ni mtu anayeweza kuzoea hali mpya, au kitu kinachoweza kurekebishwa kifae kazi nyingine. Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ni adaptable: leo imebeba makala, kesho viazi, kesho kutwa bidoni za maji. Ila anayeipanga upya ni mwenye chukudu, mbao hazijigeuzi. -ive inataja kazi yenyewe. Taa za gari zinazofuata usukani kwenye kona ni adaptive. Mtihani wa kompyuta unaochagua swali lijalo kwa kuangalia ulivyojibu lililopita, nao ni adaptive.

Katika bayolojia, adaptive ni sifa inayomsaidia kiumbe kuishi mahali alipo. Mwenye damu ya AS, yaani aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Hali hiyo huitwa adaptive, na AS yake haitabadilika mpaka kufa. Anayetafsiri adaptive kuwa "mwepesi wa kubadilika" anapotelea hapo.

Kamusi hazikatazi kumwita mtu adaptive. Lakini anayechuja CV anatarajia adaptable, na nomino yake ni adaptability. Mpe hiyo.

Dhana: Adapté ya Kifaransa ni adapted.

Mara nyingi siyo. Ukitaka kusema kitu kinafaa, andika suitable. Adapted ni kilichokwisha kurekebishwa, kama filamu iliyotokana na kitabu.

Dhana: Adopt na adapt ni tofauti ya matamshi tu.

Adopt ni kuchukua kitu kikawa chako, adapt ni kukirekebisha. Na kuzoea hali ni adapt to, si adapt at.

Dhana: Ukiandika adaptable, umemaliza.

Kila mwombaji ameliandika. Andika tendo: uliacha fomu za karatasi ukaanza kukusanya takwimu kwa KoboToolbox, programu ya fomu za kwenye simu, ndani ya siku ngapi, na wakusanyaji wangapi, Masisi au Rutshuru. Mistari miwili inatosha. Ikishakaa sawa, rudi juu ukalifute adaptable.