Usalama wa operesheni: namna siri inavyookotwa vipande vipande

Mwaka 1966 makamanda wa Marekani waliokuwa wakiendesha vita vya anga huko Vietnam walisumbuliwa na swali moja: kwa nini mashambulizi yao mara nyingi hayakumkuta adui pale alipotarajiwa kuwa? Ndege za B-52 ziliruka kutoka kisiwa cha Guam, mbali ndani ya Bahari ya Pasifiki, zikasafiri kwa saa kadhaa na kumwaga mabomu msituni, lakini walengwa walikuwa wamekwisha kupata habari na kuhama. Fikra ya kwanza, kama ilivyo desturi ya majeshi, ilikuwa kwamba kuna wapelelezi ndani au kwamba mawasiliano ya siri yamefumbuliwa. Admirali Ulysses S. Grant Sharp, aliyekuwa kamanda mkuu wa majeshi ya Marekani katika Pasifiki, alisimamia uchunguzi uliopewa jina la Purple Dragon, na ni katika uchunguzi huo ilikozaliwa taaluma ambayo leo tunaiita usalama wa operesheni, pamoja na kozi zote zinazofundishwa kwa jina hilo kwa askari na watumishi wa serikali.

Namna wachunguzi wale walivyofanya kazi bado ni somo zuri kuliko vitabu vingi vya mafunzo vilivyokuja baadaye. Waliifuata operesheni tangu amri inapoandikwa hadi ndege inaporudi, wakiwauliza marubani, mafundi, makarani wa mawasiliano na wanaoongoza ndege maswali yaleyale ya kawaida: wewe unafanya nini, unamjulisha nani, saa ngapi, kwa njia ipi? Majibu yalionyesha kwamba kabla ya B-52 kuruka ilibidi sehemu ya anga itengwe ili ndege za abiria zisigongane nazo, na taarifa za kutenga anga zilipelekwa kwenye vituo vya kiraia vya kuongozea ndege katika ukanda huo, ambavyo navyo vilizitangaza kwa marubani. Aliyesikiliza matangazo hayo aliweza kukisia ndege zinapita wapi na zitafika lini. Karibu na Guam kwenyewe kulikuwa na meli za Kisovieti zenye sura ya meli za uvuvi, zilizobeba vifaa vya kunasa mawasiliano na kushuhudia ndege zikiondoka. Kila aliyehusika alikuwa akitimiza wajibu wake, tena kwa sababu njema ya kulinda maisha ya abiria, na jumla ya wajibu huo ndiyo iliyokuwa ikimpa adui habari.

Hapo ndipo usalama wa operesheni unapotofautiana na utunzaji wa siri wa kawaida. Utunzaji wa siri unahusu hati iliyogongwa mhuri, kabati lenye kufuli na mtumishi aliyefanyiwa upekuzi kabla ya kupewa dhamana. Usalama wa operesheni unahusu taarifa ambazo hazina mhuri wowote, ambazo kila moja peke yake haina madhara, lakini zikikusanywa na mtu mwenye subira zinamwambia kile ambacho hati ya siri ingemwambia. Mwaka 1988 Rais Ronald Reagan alitia saini agizo lililoanzisha mpango wa kitaifa wa usalama wa operesheni kwa taasisi zote za serikali ya Marekani zinazoshughulika na mambo nyeti, zikiwemo za kiraia, na Januari 2021 agizo hilo likabadilishwa na jingine lililouweka mpango huo chini ya kituo cha taifa cha kukabiliana na ujasusi. Ninautumia mfano wa Marekani katika makala haya kwa sababu ndio ulioandikwa hadharani kwa urefu zaidi. Ni jambo la kutafakarisha kidogo kwamba nchi hiyo imechapisha waziwazi miongozo yake ya kuficha mambo.

Kozi karibu zote hujengwa juu ya hatua tano: kutambua taarifa nyeti, kuchambua nani anazitaka na ana uwezo gani, kuchambua mianya yetu wenyewe, kupima hatari, kisha kuchukua hatua za kuziba. Mwanafunzi yeyote anaweza kuzikariri hatua hizo kabla ya chai ya saa nne. Ugumu uko katika kuzitumia, hasa hatua ya tatu, kwa sababu inamtaka mtumishi aitazame ofisi yake mwenyewe kwa macho ya mtu asiyeipenda.

Tuchukue zoezi la kubuni la darasani, ambalo halihusu vita kabisa. Ofisi ya serikali imepanga msako wa bidhaa za magendo katika mji wa mpakani. Barua ya msako imegongwa mhuri wa SIRI, imehifadhiwa masijala ya siri, na walioisoma ni maofisa wanne tu. Siku tatu kabla ya msako mhasibu anapokea dokezo la maombi ya masurufu lenye majina ya watumishi 12, idadi ya siku na jina la mji. Ofisa usafirishaji anaomba magari matatu na mafuta ya safari ndefu. Dereva mmoja anampigia fundi wa gereji kumhimiza gari likamilike kabla ya Alhamisi. Gesti moja ya mjini inaombwa vyumba 12 kwa usiku mmoja, na anayeomba anataka risiti yenye jina la ofisi. Katika kundi la WhatsApp la watumishi mtu anaandika kwamba kikao cha kikoba cha Ijumaa kiahirishwe kwa kuwa wengi watakuwa nje ya kituo. Mfanyabiashara wa magendo hana haja ya kufika masijala. Anamhitaji mhudumu mmoja wa gesti, au kijana mmoja wa gereji, na akiwapata wote wawili anajua siku, mahali na idadi ya watu.

Washiriki wakishaorodhesha mianya hiyo, kazi inayofuata ni kuiziba bila kuikwamisha shughuli yenyewe. Maombi ya masurufu yanaweza kutaja kanda badala ya mji, na kupitia kwa mhasibu mmoja aliyeteuliwa. Vyumba vinaweza kuombwa katika mji wa jirani, kwa makundi madogo. Magari yanaweza kutengenezwa kwa ratiba ya kudumu, ili gari kuwa tayari siku ya Alhamisi lisiwe jambo jipya. Ofisi inaweza pia kuwa na safari za kawaida za mara kwa mara, kiasi kwamba magari matatu kuondoka alfajiri hakumshangazi mlinzi wala muuza chai wa getini. Kila hatua ina gharama yake ya fedha, muda au usumbufu, na ndiyo maana hatua ya nne, ya kupima hatari, haipaswi kurukwa. Ofisi inayojaribu kuficha kila kitu huishia kwa watumishi kuchoka na kubuni njia zao za mkato, ambazo ni mianya mipya.

Jambo hili linatupeleka kwenye swali la nani afundishwe nini. Jeshi la nchi kavu la Marekani limegawa mafunzo haya katika ngazi tatu: ya kwanza ni uelewa wa jumla kwa kila askari na mtumishi, ya pili ni ya maofisa wanaoteuliwa kusimamia usalama wa operesheni katika vikosi, na ya tatu ni ya wale watakaokuwa wakufunzi wa ngazi ya pili. Ngazi ya kwanza mara nyingi hutolewa kwa kompyuta na kurudiwa kila mwaka. Kwa maoni yangu ngazi hiyo ina manufaa madogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mtumishi anayeijua tayari hubonyeza kurasa harakaharaka hadi apate cheti, na taasisi huhesabu vyeti badala ya kuhesabu mianya iliyozibwa. Ngazi ya pili ndiyo inayobeba uzito, kwa sababu humo ofisa hufundishwa kufanya tathmini ya kikosi chake: kusoma matangazo ya zabuni, kupekua tovuti ya taasisi, kutazama takataka zinazotupwa na kuzungumza na makarani. Ofisa mmoja aliyefunzwa hivyo vizuri ana faida kuliko watumishi mia waliotazama video.

Familia nazo zimeingizwa katika mafunzo haya, na ni sawa. Mume au mke wa askari hajala kiapo chochote, lakini anajua tarehe ya kuondoka, na furaha au huzuni yake huandikwa mtandaoni kabla ya msafara kutoka getini.

Sehemu iliyobadilisha mitaala kuliko zote katika miaka ya karibuni ni simu. Jeshi la Marekani limekuwa likisimulia tukio la mwaka 2007 nchini Iraq, ambapo askari walipiga picha helikopta mpya za Apache zilipowasili kambini na kuzituma mtandaoni. Picha zilibeba ndani yake alama za mahali zilipopigwa, na adui akazitumia kulenga makombora yaliyoharibu helikopta nne. Hata hivyo tukio hilo lilihitaji mtu apige picha na kuituma. Mambo ya Strava hayakuhitaji hata hilo. Kampuni hiyo ya programu ya mazoezi ilitoa Novemba 2017 ramani ya dunia inayoonyesha njia ambazo watumiaji wake hukimbia au kuendesha baiskeli, bila majina yao, na Januari 2018 Nathan Ruser, mwanafunzi wa Australia, akaonyesha kwamba katika maeneo kama Syria na Afghanistan, ambako karibu hakuna mwingine anayetumia programu hiyo, mistari iliyong'aa gizani ilikuwa ni askari wa kigeni wakifanya mazoezi kuzunguka kambi zao. Agosti mwaka huohuo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya vifaa vinavyoonyesha mahali kwa askari walioko katika maeneo ya operesheni.

Hapa mkufunzi anapaswa kuwa mwangalifu asiifanye simu kuwa kisingizio. Shambulio la Ukraine la usiku wa kuamkia mwaka 2023 katika mji wa Makiivka, uliokuwa chini ya Urusi mashariki mwa Ukraine, liliua askari wengi wa Urusi waliokuwa wamelala katika jengo moja. Wizara ya ulinzi ya Urusi ilitaja vifo 89 na kusema kwamba sababu kuu ni askari kuwasha simu zao kinyume cha amri. Baadhi ya wachambuzi wa Urusi wenyewe walipinga maelezo hayo, wakiuliza ni nani aliyeamua kuwalaza mamia ya watu katika jengo moja lililo katika uwezo wa makombora ya adui. Swali lao ni sahihi. Simu inaweza kumwonyesha adui mahali, lakini kilichoyafanya madhara yawe makubwa kiasi kile kilikuwa uamuzi wa kamanda. Katika miongozo ya Marekani jukumu la usalama wa operesheni limewekwa kwa kamanda na idara yake ya operesheni, na idara ya ujasusi inachangia taarifa za kumhusu adui. Taasisi inayolitupa jukumu hilo kwa kitengo cha ulinzi peke yake itapata walinzi wakali getini huku mipango ikivuja ghorofani.

Cheo hakimwondoi mtu katika somo hili. Machi 2025 viongozi wa juu kabisa wa Marekani, waziri wa ulinzi akiwemo, walijadili mashambulizi ya Yemen katika kundi la programu ya ujumbe ya Signal ambamo mhariri mkuu wa jarida la The Atlantic alikuwa ameingizwa bila wao kutambua, na saa za ndege kuruka zikaandikwa humo kabla ya shambulio. Programu yenyewe ilifunga ujumbe barabara, usisomwe na aliye nje ya kundi. Walioandika hawakuhakiki nani anasoma.

Limebaki jambo ambalo kozi nyingi hulipitia kwa haraka, nalo ni haki ya umma kujua. Ofisa habari wa wizara ana wajibu wa kutangaza zabuni, kujibu maswali ya wabunge na waandishi, na kueleza fedha zimetumikaje. Ndiyo maana mpango wa Marekani una kozi maalumu kuhusu uamuzi wa kutoa taarifa hadharani, inayowalenga maofisa habari na wasimamizi wa tovuti. Msimamo ninaoufundisha ni kwamba usalama wa operesheni hulinda muda, mahali, uwezo na nia ya shughuli halali ambayo bado haijafanyika au bado inaendelea. Katika zoezi letu la magendo, kutotaja mji katika dokezo la masurufu kabla ya msako ni sahihi, na kukataa kumwonyesha mkaguzi risiti za gesti baada ya msako ni kosa. Ofisa akikosea mstari huo, taaluma nzima hupoteza heshima, na watumishi huanza kuiona kama pazia la wakubwa.

Kwa taasisi inayotaka kuwapeleka watu wake kwenye mafunzo haya, swali la kumwuliza mtoa kozi ni iwapo washiriki watafanya tathmini ya ofisi yao halisi na kurudi na orodha ya taarifa nyeti isiyozidi ukurasa mmoja, iliyosainiwa na mkuu wa taasisi na yenye lugha ambayo dereva na mhasibu wanaielewa. Orodha hiyo hupitiwa upya kila shughuli inapobadilika, na miezi kadhaa baadaye mkufunzi hurudi kuwauliza dereva na mhasibu, kila mmoja peke yake, kilichoandikwa humo.