Beringi mpya inalia tena baada ya muda mfupi? Angalia ilivyofungwa kabla hujalaumu duka

Wiki iliyopita dada mmoja wa Chumbageni kaniletea Toyota IST yake, kashuka na risiti mkononi na uso umemjaa hasira. "Fundi, mi nimechoka, bushi za nyuma nimebadilisha mara mbili ndani ya mwaka na beringi ya kulia ishaanza kulia tena, hawa watu wananiuzia feki." Nikamwambia pole dada angu, tuitazame kwanza. Bushi ni zile raba zenye chuma ndani na nje zinazoshika bimu, yani mhimili wa nyuma, kwenye bodi.

Mi nashughulika na miguu ya magari hapa Tanga, kazi naifanyia uwani kwangu Ngamiani chini ya mwembe, presi kubwa (mashine ya kukandamizia) sina. Na nilichokikuta kwenye gari la huyu dada nakikuta karibu kila mwezi: vifaa vilikuwa vizuri tu, vimeuliwa siku ileile vilipofungwa. Feki zipo sikatai, ila kwa macho yangu nyundo inaua beringi nyingi kuliko feki.

Kwanza uwe na uhakika kinacholia ni beringi. Sauti yake ni mvumo, uuuuu, unapanda na spidi na ukitoa gia gari likiwa linatembea haubadiliki. Ukikata kona ya kushoto uzito unalalia magurudumu ya kulia, sauti ikizidi hapo anza kushuku ya kulia. Lakini tairi iliyolika vidaraja vidaraja inavuma hivyohivyo, na inalika vile mara nyingi kwasababu shokapu imekufa, inaiacha tairi inadundadunda barabarani badala ya kuikandamiza chini, kwahiyo kabla hujanunua chochote hamisha tairi za nyuma ziende mbele uzunguke kidogo mtaani, mvumo ukihamia mbele basi ni tairi. Usipohama, nyanyua gari, shika tairi juu na chini uitikise kama inacheza, halafu izungushe kwa mkono mmoja na mwingine uweke kwenye springi. Springi inabeba mtetemo vizuri sana, beringi iliyochoka utaisikia kwenye vidole inasaga kama kuna mchanga ndani.

Kuhusu kunyanyua sina utani. Jeki ni ya kunyanyulia tu, gari likae juu ya stendi za chuma, magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi, na kwa mchanga wetu huu weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi maana vinazama taratibu huku we uko chini hujui. Tofali za bloku usithubutu, zinapasuka bila kukuonya. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya gari pembeni yako.

Hapa kwetu tatizo jingine ni chumvi. Gari linalolala Raskazone au Sahare linapigwa na upepo wa bahari usiku kucha, na ile bolti kubwa inayopita katikati ya bushi inaota kutu ikashikana na bomba lake la ndani. Pulizia dawa ya kutu jana yake, asubuhi tena, piga brashi nyuzi zote, ndo ushike spana. Anayeanza kwa nguvu anakata bolti, na kuitoa iliyokatika ni siku nzima.

Sasa habu, kile kitovu gurudumu linapofungwa. Kwenye IST ya magurudumu ya mbele kuvuta, beringi ya nyuma inakuja pamoja na habu yake, kitu kimoja kimefungwa bolti nne kutokea nyuma. Achia hendibreki, toa dramu, ikigoma ina matundu mawili yenye nyuzi, weka bolti za milimita 8 ukaze kwa zamu itasukumwa yenyewe. Vumbi la shuu za breki usilipulize kwa mdomo, limwagie maji. Bolti nne zikitoka na ile sahani ya breki inabaki haina kinachoishika, ifunge na waya isije ikaning'inia kwenye paipu ya breki, na kama kuna waya wa ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) uchomoe kwanza. Habu ya zamani ikiwa imeganda kwa kutu, zirudishe bolti nyuzi chache ugonge vichwa vyake kwa zamu, itatoka. Hiyo ya zamani gonga utakavyo, inaenda kwenye vyuma chakavu.

Mpya ndo usiguse na nyundo. Ya huyu dada ilikuwa na alama za nyundo usoni, na nilipoitoa nikakuta kutu ya zamani yote iko palepale kwenye kikalio chake, yani haikuingia vizuri, badala ya kusafisha mtu kaitwanga mpaka ikaingia. Mle ndani kuna gololi za chuma kigumu zinazopita kwenye mfereji laini kama kioo, na ukipiga uso wa habu pigo lote linapita kwenye gololi kwenda upande wa pili, kila moja inaacha kishimo kidogo. Siku hiyo husikii kitu, fundi analipwa, mteja anaondoka anafurahi, halafu vishimo vinaanza kutafunika na baada ya wiki chache uuuuu imerudi. Mi mwenyewe nikiwa bado saidia fundi niliua beringi mpya hivyo, ilikuwa ya kuingiza kwenye nyumba yake, nikagonga ringi ya ndani wakati inayobana ni ya nje. Mpaka leo nikishika beringi mpya najiuliza nguvu yangu inapita wapi. Kwenye habu ya bolti jibu ni rahisi: sugua kikalio mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo sana kwa ajili ya kutu, iingize kwa mkono, halafu bolti nne ziivute kwa msalaba kidogo kidogo.

Kwenye bushi za bimu kosa ni tofauti na ndilo linaloniuma zaidi maana halihitaji pesa wala kifaa kulikwepa. Kabla hujatoa ya zamani, chora alama kwenye bimu kuonyesha nafasi zile zilizo wazi kwenye raba zimeelekea wapi, mpya lazima ikae vilevile. Ivute kwa bolti ndefu, washa (ile pete bapa ya chuma) nene na kipande cha bomba, ukilainishia maji ya sabuni, sio oili, oili inakula raba. Kabla ya kutoa bolti ya chini ya shokapu ishike bimu kwa jeki ya pili, kwasababu ni shokapu inayoizuia isishuke mpaka springi ikachomoka. Na shokapu badilisha zote mbili.

Halafu, tafadhali, bolti kubwa za bushi usizikaze gari likiwa linaning'inia. Raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, haizunguki, inajisokota tu. Ukikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, basi gari likishuka chini raba inakuwa imesokotwa tayari, inakaa hivyo usiku na mchana hata ukiwa umelala, na kila shimo linaisokota zaidi. Bushi za dada zilichanika pande zote mbili kwa mwelekeo uleule. Weka bolti kwa mkono, shusha gari likae kwa uzito wake, au nyanyua bimu kwa jeki mpaka gari lianze kuacha stendi, ndo ukaze.

Nati za rimu za Toyota hizi zinakazwa kwa niutoni mita 103, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza. Huna spana ya kupimia? Lete ndoo ya lita 20. Ikijaa maji pamoja na ndoo yenyewe ni kama kilo 21, ining'inize kwenye bomba ulilochomeka kwenye spana likiwa limelala sawa, sentimita 50 toka katikati ya nati, unapata 103 hiyohiyo. Ikiacha kushuka imetosha.

Pampu breki mpaka pedali iwe ngumu kabla gari halijasogea. Sisi tulitoka na dada mpaka Mabokweni kwenye lami ile nzuri, vioo vimeshushwa, redio imezimwa, anasikiliza mwenyewe. Nimemwambia akishatembea kilomita 100 arudi na ndoo yake tuziangalie nati tena.