Kodi ya mapato Marekani ukifikisha miaka 65

Wazee wanaofanya kazi Marekani hutuuliza sana swali hili: "Nikiongeza zamu nikaingia ngazi ya asilimia 22, si mshahara wote utaliwa na kodi?" Hauliwi. Kiwango cha juu hugusa zile dola zilizovuka mpaka tu. Kwa mwaka wa kodi 2025, asiye na ndoa hutozwa asilimia 10 kwa dola 11,925 za kwanza, asilimia 12 hadi dola 48,475, kisha 22 hadi dola 103,350. Akivuka ule mpaka wa pili kwa dola 100, analipa dola 22 kwa hizo 100, basi. Ngazi ziko saba, lakini wengi wa wanaotujia hawavuki ya pili.

Tena kwa mzee hesabu haianzii kwenye ngazi. Inaanzia kwenye kinachoondolewa kabla kodi haijapigwa. Kwa mwaka huohuo wa 2025, punguzo la kawaida kwa asiye na ndoa ni dola 15,750, na kwa wanandoa wanaojaza fomu ya kodi pamoja ni 31,500. Ukitimiza miaka 65 unaongezewa dola 2,000; kwa wanandoa ni 1,600 kwa kila aliyefikisha umri huo. Asiyeona huongezewa kiasi hichohicho tena. Juu ya hayo, sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeleta punguzo jingine la dola 6,000 kwa kila mzee, ambalo litadumu hadi mwaka wa kodi 2028. Hili lina masharti yake. Lazima uwe na namba ya Social Security (mfuko wa pensheni wa serikali) inayoruhusu kazi, wanandoa lazima wajaze pamoja, na mapato yakipita dola 75,000 (150,000 kwa wanandoa) linaanza kumegwa, asilimia 6 ya kilichozidi.

Kwa sababu ya hizo 6,000, uvumi umeenea kwamba malipo ya Social Security hayatozwi kodi tena. Si kweli, kanuni ya zamani ingalipo. Chukua nusu ya malipo hayo, jumlisha na mapato mengine. Kwa asiye na ndoa, jumla ikipita dola 25,000, sehemu ya malipo huingia kwenye kodi. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1983 na hakijawahi kupandishwa kufuata bei za vitu, jambo ambalo kwa maoni yangu linawaonea wazee wa leo.

Tuseme mlinzi wa ghala mwenye miaka 67, mjane, anapata mshahara wa dola 22,000 na Social Security dola 18,000 kwa mwaka. Nusu ya 18,000 ni 9,000. Ukijumlisha na mshahara unapata 31,000. Amepita kiwango kwa 6,000, na nusu yake, yaani 3,000, ndiyo inayoingia. Mapato ya kuhesabiwa yanakuwa dola 25,000. Ondoa 15,750, ondoa 2,000, ondoa 6,000. Zinabaki dola 1,250, na kodi yake kwa serikali kuu ni kama dola 125. Mwajiri akiwa amemkata zaidi ya hapo, anarudishiwa. Yale makato ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee) kwenye mshahara ni jambo jingine: hayarudi, na hayaangalii umri.

Wakimbizi wengi, wakiwemo ndugu zetu wa Kongo, wameandikiwa kwenye hati kwamba walizaliwa Januari 1. Kwa kodi, mtu huhesabiwa kutimiza miaka siku moja kabla ya tarehe yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo mwenye hati ya Januari 1, 1961 anahesabiwa alifikisha 65 ndani ya 2025, na mapunguzo yote haya ni yake. Hakikisha anayekujazia ameweka alama kwenye kisanduku cha umri katika fomu 1040-SR, ile fomu ya kodi ya wazee, na ameambatisha jedwali 1-A, maana zile 6,000 hudaiwa huko. Waliofikisha miaka 60 hujaziwa bure kupitia TCE, mpango wa kuwasaidia wazee kodi, unaofadhiliwa na IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani.