Je, wajua kwa nini samaki wa bahari hufika Dodoma kwa vipindi?

Dodoma iko kilomita 450 hivi kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji ya hapa hayajai wala hayapwi. Yakijaa ni ya bwawa, na bwawa husubiri mvua ya Desemba. Lakini anayenunua samaki wa bahari hapa mjini kila wiki huona jambo. Kuna siku pweza wamerundikana na changu hawaonekani. Wiki moja baadaye changu na chewa wapo, pweza ndiye adimu. Kisha vibua wanapotea siku sita, saba, halafu wanarudi kana kwamba hawakuwahi kuondoka. Mchuuzi akiulizwa hujibu kwa neno moja: "mwezi". Mnunuzi hudhani ni habari ya mwisho wa mwezi na mishahara, kumbe mwenzake anasema ule wa angani.

Pwani ya Tanzania maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa katika mstari mmoja na mvuto wa jua husaidiana na wa mwezi. Siku moja au mbili baada ya hapo huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Dar es Salaam na Zanzibar, bamvua kubwa huwa na tofauti ya karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta huku na mwezi kule, tofauti hushuka hadi mita 1 hivi, na hayo ndiyo maji mafu. Mabamvua makubwa kuliko yote huangukia karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta.

Mtu wa bara mara nyingi hajui kwamba bamvua lina saa zake. Katika eneo la Dar es Salaam, Bagamoyo na Zanzibar, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume: saa nne maji yamejaa, saa kumi yamekupwa. Bamvua likija, saa hizo hurudi palepale, kwa sababu bamvua lenyewe huja pale tu mwezi na jua vinapokuwa vimepangana namna ileile. Hivyo mkazi wa Dodoma anayekwenda kutembea Bagamoyo siku mbili baada ya mwezi mpevu anaweza kujua kabla hajapanda basi kwamba saa nne asubuhi atakuta mchanga mtupu, na bahari iko mbali.

Maji hayashuki kwa mwendo mmoja, na hapo ndipo kazi ya mvuvi ilipo. Kwa kukadiria, gawa tofauti ya maji kwa 12. Saa ya kwanza baada ya kujaa huondoka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua la mita 3.6 litashuka sentimita 30 saa ya kwanza, lakini saa ya tatu na ya nne litashuka sentimita 90 kila moja. Nusu ya maji yote huondoka katika saa mbili za katikati. Maji mafu ya mita 1.2, katika saa hizohizo, hushuka sentimita 30 tu kwa saa. Tofauti hiyo ya mara tatu ndiyo inayoamua chombo kipi kifanye kazi na kipi kikae.

Chukua mvuvi wa mshipi anayetafuta changu na chewa kwenye mwamba wenye kina cha mita 20 au 30. Anahitaji chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, iguse chini na itulie, chambo kikae mbele ya pango. Siku ya bamvua mkondo huupinda mshipi kama upinde. Chubwi huburutwa, ndoano hunasa kwenye jiwe na kukatika. Akiongeza uzito wa chubwi, mkono hausikii tena samaki anapodokoa. Hubakiwa na kile kipindi kifupi maji yanaposimama kabla ya kugeuka, na hicho mara nyingi hakifiki saa nzima. Siku za maji mafu anaweza kuvua karibu kutwa. Nyavu za kutega nazo ni vivyo hivyo: mkondo mkali huzilaza chini au huzisukuma kwenye matumbawe, na kuchana wavu ni hasara ya wiki nzima ya kushona. Ndiyo sababu changu na chewa wakubwa huongezeka mwezi ukiwa nusu.

Pweza ana kalenda iliyo kinyume na hiyo. Huvuliwa kwa miguu, na wengi wa wavuvi wake ni wanawake, wakitembea juu ya mwamba uliokauka na chuma chembamba au mkuki, wakichokoa tundu moja baada ya jingine. Mwamba wa nje hufunuka siku za bamvua tu, siku tano au sita kila baada ya wiki mbili. Wavuvi huingia kiasi cha saa mbili kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, na anayejua huanza kurudi maji yanapogeuka. Hatari haiko mbele kwenye wimbi, iko nyuma: kati ya mwamba na ufuo mara nyingi kuna mfereji, na huo hujaa kwanza. Saa ya kwanza ya kujaa ni sentimita 30 na mtu hajali wala haogopi. Saa ya tatu ni 90. Baadhi ya vijiji vya Mafia, Kilwa, Unguja na Pemba hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue, maana pweza hunenepa haraka sana, na siku ya kufungua huchaguliwa ndani ya bamvua.

Wando, ule uzio wa fito unaotega samaki wanaorudi na maji, nao hutaka bamvua. Maji yakijaa, samaki wadogo huingia kwenye mikoko na kwenye majani ya baharini kula. Yakipwa hutoka, na kolekole na mzia, samaki wawindaji, huwasubiri pale wanapotokea. Mvuvi wa ufukweni anayefuata saa za maji husimama hapohapo walipo mzia, katika saa ya pili hadi ya nne ya kupwa. Maji yakishasimama chini kabisa, hakuna cha kungoja.

Vibua, saladini na dagaa mchele wana hadithi nyingine, kwa sababu wao huvuliwa usiku kwa taa na nyavu za kuzungusha. Taa huvuta vijidudu vya maji, vijidudu huvuta samaki, samaki hukusanyika chini ya mwanga na wavu huwazunguka. Mbalamwezi huharibu mpango huu wote: bahari nzima ina mwanga, taa haina tofauti yoyote, samaki hutawanyika. Wavuvi huita usiku usio na mwezi "giza", na hesabu ya giza ni ya dakika. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku ya tatu baada ya mpevu kuna giza la saa mbili hivi mwanzoni mwa usiku, nalo halitoshi hata kulipia mafuta. Siku ya saba giza linafika karibu usiku wa manane. Kabla ya mpevu ni kinyume: mwezi nusu wa kwanza hutua usiku wa manane, kwa hiyo wavuvi hulala kwanza na kutoka baadaye. Siku chache zinazouzunguka mwezi mpevu boti nyingi za taa hupumzika, na watu hushona nyavu.

Na hapa Dodoma hatuna pa kukimbilia, kwa kuwa dagaa wa Ziwa Victoria na wa Ziwa Tanganyika nao huvuliwa kwa taa gizani. Mbalamwezi ni moja kwa wote. Kinachotuokoa ni magunia ya dagaa wakavu waliotangulia.

Mwezi hupanga siku, ila upepo ndio unaopanga miezi. Kusi huanza kuvuma kwenye Aprili na kukaza Juni hadi Agosti, kutoka kusini mashariki. Dodoma tunaujua upepo huo kwa baridi ya Juni na Julai, na baadaye kwa vumbi linaloingia hadi kwenye sahani. Pwani huupokea kwa namna nyingine. Maji yanayokupwa hutoka nje kupitia milango ya mwamba, upepo unaingia. Vikikutana, mawimbi husimama mafupi na makali, na ngalawa iliyovuka mlango huo salama asubuhi hushindwa kurudi. Isitoshe, mkondo mkubwa wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi huusukuma ukimbie zaidi. Mitumbwi na ngalawa hubaki ndani ya mwamba, kwenye madema, ile mitego ya kusuka, ya samaki kama tasi na pono. Wakubwa wa nje, nguru na jodari, huachiwa wenye mashine.

Kuanzia Oktoba kusi hulegea, huja matlai, upepo mwanana wa mashariki, na bahari hutulia. Desemba hadi Machi ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini: maji ya moto zaidi, meupe zaidi, na mkondo uliopunguzwa kasi na upepo unaokuja mbele yake. Kaskazi nayo ina siku zake za ukali, hasa Januari na Februari, lakini kwa jumla mvuvi mdogo hufika mbali zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa ukanda wa pwani, msikilizaji wa Dodoma hudhani haimhusu. Inamhusu sana. Meza ya samaki itapungukiwa keshokutwa.

Masika yana athari mbili. Mito huleta tope, na samaki wanaowinda kwa macho husogea mbali na midomo ya mito. Wakati huohuo kamba hustawi pale maji ya mto yanapochanganyika na chumvi kwenye mikoko. Sehemu ya maji hayo ni ya kwetu. Mto Kinyasungwe, unaopokea mvua ya Dodoma, huishia kwenye Wami, na Wami humwaga baharini karibu na Saadani. Maji ya mto Kizigo hupita bwawa la Mtera, hufuata mto Ruaha Mkuu, na mwisho wake ni delta ya Rufiji. Masika pia huharibu ukaushaji: dagaa waliochemshwa wakikosa jua hufanya ukungu, na gunia la Aprili linafaa kufunguliwa na kunuswa kabla ya kulipwa.

Kati ya mnada wa alfajiri na meza ya Dodoma kuna barafu, na hapo ndipo samaki wengi huharibikia. Kupoza kilo moja ya samaki kutoka nyuzi 28 hadi sifuri huyeyusha kama gramu 300 za barafu. Hiyo ni ya kupoza tu. Joto linalopenya kwenye boksi njia nzima linadai zaidi, ndiyo maana kipimo cha safari ndefu ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, ikipangwa kwa tabaka, chini, katikati na juu, na tundu la kutoa maji. Kosa la kawaida ni kurundika barafu yote juu, ikapendeza macho, huku samaki wa katikati wakibaki na nyuzi 10. Katika nyuzi 10 samaki huharibika kwa kasi ya kama mara nne kuliko kwenye sifuri.

Vibua na jodari wana ubaya wa ziada. Wakipata joto, nyama yao hutengeneza histamini, sumu isiyoondolewa na moto wala ndimu. Mlaji hupata uso mwekundu, kichwa kuuma na mwasho ndani ya saa moja au mbili. Kibua aliyelegea tumbo na matamvua yaliyogeuka kahawia usimchukue kwa bei yoyote.

Basi angalia juu jua linapotua. Mwezi nusu ukiwa karibu na utosi, kesho au keshokutwa ulizia changu. Ukiuona mwembamba magharibi, giza na bamvua vimekutana, na pweza na vibua wote wako njiani. Ukichomoza mzima mashariki, pweza watakuwepo na vibua wabichi wamekwisha. Mwenye vibua siku hiyo ulizia walivuliwa lini. Isipokuwa Julai, kusi ikikaza, hesabu hii yote husimama kando na unakula perege wa Mtera.